Injini iliyong'oa reli yake yenyewe

Jumapili ya tarehe 29 Septemba 1935, injini mbili, Yeo na Lew, zilifungwa pamoja kuvuta mabehewa tisa ya treni ya mwisho, ya kuiaga reli iliyokuwa inafungwa kati ya Barnstaple na Lynton, huko Devon, Uingereza. Kwa kireli kile, mabehewa tisa ni mengi mno.

Mimi ni fundi wa njia, basi macho yangu huanzia chini. Upana kati ya vyuma viwili vya reli ile, yaani geji, ulikuwa sentimita 60 hivi. Sisi tuliokulia kwenye geji ya mita moja tungeiona ya kuchezea, ila waliojenga mwaka 1898 walikuwa na hesabu yao: njia nyembamba hupinda kona kali, ikauzunguka mlima badala ya kuuchimba. Hata hivyo, pale Chelfham iliwabidi wajenge daraja la matao manane, mita 21 kwenda juu. Na kona zilizookoa fedha ndizo zilizokula muda. Kilomita 31 zilichukua kama saa moja na nusu, halafu unateremshwa stesheni iliyo juu mlimani, mji wa Lynton uko chini yake. Basi la barabarani lilipokuja, nani angengoja?

Baada ya siku ile, nahodha mmoja mstaafu aliweka shada la maua stesheni ya Barnstaple, na kadi yenye maneno haya: huenda haijafa, imelala tu. Novemba ukapigwa mnada wa mali ya reli.

Kinachoniuma mimi ni yaliyofuata. Kung'oa njia huanzia mwisho wake: unachomoa misumari, unapakia vyuma kwenye mabehewa, unarudi nyuma kipande kwa kipande, maana injini haiwezi kusimama pasipo na reli. Kazi hiyo alipewa Lew, aliyenunuliwa mwaka 1925 tu, angali mpya. Alipomaliza kubeba njia yake mwenyewe, Septemba 1936 akapakiwa melini kwenda Brazil. Wapenzi wa reli wanamtafuta mpaka leo.

Tangu 2004 kipande kifupi cha njia ile kinafanya kazi tena, kwenye stesheni ya Woody Bay. Injini za zamani zote zilipewa majina ya mito, herufi tatu tatu: Yeo, Exe, Taw, Lyn, Lew. Mwaka 2010 ikakamilika nyingine, imeundwa kwa kumfuata Lew. Inaitwa Lyd.