Talaka ya Wenzi wa Jinsia Moja: Cheti cha Kuzaliwa Hakitoshi

Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Obergefell, tarehe 26 Juni 2015, ndoa za watu wa jinsia moja zinatambuliwa katika majimbo yote 50 ya Marekani, na talaka zao hupitia mahakama zilezile zinazovunja ndoa nyingine. Jaji hugawa mali, hupanga matunzo, kisha hupima maslahi ya mtoto: nani humwamsha asubuhi, nani hukesha naye akipatwa na homa. Ugumu hujitokeza kabla ya kufika huko, pale mmoja anapodai kwamba mwenzake si mzazi hata kidogo.

Tuseme wanandoa ni wanawake wawili, na mmoja wao amejifungua kwa mbegu za mfadhili. Kwa kawaida sheria humhesabu mwenzi wa mama kuwa mzazi kwa sababu ya ndoa, na mwaka 2017, katika kesi ya Pavan dhidi ya Smith, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo la Arkansas haliwezi kumnyima mwenzi huyo nafasi katika cheti cha kuzaliwa ilhali mume hupewa. Wengi huridhika hapo, wakakifungia cheti kabatini. Kumbe cheti ni kumbukumbu ya kiutawala, nacho kinaweza kupingwa mahakamani. Hukumu ya kuasili mtoto ndiyo ambayo Katiba inayataka majimbo mengine yote kuiheshimu.

Nguvu hiyo ilionekana katika kesi ya V.L. dhidi ya E.L., wanawake wawili ambao hawakuwa wamefunga ndoa. V.L. aliwaasili watoto watatu waliozaliwa na mwenzake, kwa amri ya mahakama ya Georgia ya mwaka 2007. Walipotengana, mahakama ya juu ya Alabama ilikataa kuitambua amri hiyo, lakini Machi 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani ikautengua uamuzi huo.

Wapo wanaoona ni fedheha kumwasili mtoto waliyemchagulia jina kabla hajazaliwa, na mimi siwalaumu. Bado nawashauri wafanye hivyo mapema, wakati nyumba ina amani na sahihi ya mwenzi inapatikana bila mabishano.

Aliyekwisha kufikwa na talaka bila amri hiyo akusanye fomu za kliniki walizotia sahihi pamoja, kumbukumbu za shule na maandishi yoyote yanayoonyesha kwamba walikubaliana kumlea mtoto kabla mimba haijatungwa, kwa kuwa mahakama ya rufani ya New York, mwaka 2016, ilimruhusu mwenzi aliyeingia makubaliano ya namna hiyo kudai ulezi.