Ndege ya mafunzo si modeli ya kujifunzia

Mara nyingi mtu huniuliza aanze na modeli gani, na kabla sijajibu huwa keshajijibu: “Nimeona Hawk ndogo, ya 1/72. Hiyo si ndiyo ndege ya wanafunzi? Basi itanifaa, nami ni mwanafunzi.” Dhana nyingi kuhusu modeli za plastiki za jeti za mafunzo huanzia hapo, na nimeona watu wakiitupa kazi hii nzuri kwa sababu ya ndege ya kwanza waliyoichagua kwa jina lake.

“Ni ndege ndogo, kwa hiyo ni rahisi”

Hawk ya kweli, jeti ya mafunzo ya Waingereza iliyoruka mara ya kwanza Agosti 1974, ina mabawa ya mita 9.39 kutoka ncha hadi ncha. Kipimo cha 1/72, ambacho Waingereza walikitoa kwenye futi na inchi zao, inchi moja kwa futi 6, kinaishusha hadi sentimita 13. Inaenea kiganjani. Ndani ya kiganja hicho kuna chumba cha watu wawili chini ya kioo kirefu kisichoficha kitu. Ndege ya kivita ya kiti kimoja ukishaifunga kioo, ndani hubaki giza na makosa yako yanabaki humo. Kwenye Hawk yote yako wazi: viti viwili vya kumrusha rubani wakati wa hatari, dashibodi mbili, na kiti cha nyuma kilichoinuliwa ili mkufunzi aone mbele juu ya kichwa cha mwanafunzi wake. Ukikiacha chini kwa milimita mbili, mtu anayeijua ndege hii ataliona hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu kuna uzi wa baruti. Tazama picha yoyote ya Hawk kwa karibu, utaona mstari mweupe unaojikunja juu ya vichwa vya marubani, umegandishwa kwenye kioo. Kazi yake ni kukipasua kioo kabla kiti hakijatoka. Modeli isiyo na mstari huo huonekana uchi. Mimi huuchora kwa brashi ya nywele chache, rangi nimeilainisha kwa tone la thina, pumzi nimeizuia. Nachora pindo moja, naweka brashi chini, nasubiri mkono utulie, nachora la pili. Kazi ya jioni nzima hiyo, na naipenda kuliko zote.

Anayeanza namshauri achukue kitu kama Spitfire, ndege ya kivita ya Vita vya Pili vya Dunia, ya kijani na kahawia. Kiti ni kimoja, na rangi zenyewe zinamsitiri.

“Ikikaa kwa mkia, umekosea kubandika magurudumu”

Magurudumu huwa yako sawa. Kilichokosekana ni uzito. Jeti hizi husimama kwa mguu wa pua, na miguu miwili mikubwa iko nyuma kidogo ya kitovu cha uzito wa ndege. Kwenye ndege halisi, mitambo na marubani wanaushikilia upande wa mbele. Kwenye modeli, pua ni ganda tupu la plastiki.

Hawk yangu ya kwanza niliifunga kiwiliwili, nikapiga msasa maungio hadi yakapotea, nikapaka rangi, nikaisimamisha mezani. Ikalalia mkia taratibu, kama mtu anayeketi. Ilibidi nitoboe ndani ya tundu la mguu wa pua na kuingiza vipande vya risasi, ile metali nzito, kimoja kimoja. Sasa nanunua chubwi za risasi kwa wauza nyuzi za kuvulia, nazipondaponda kwa nyundo na kuzijaza mbele ya chumba cha rubani kabla sijafunga chochote. Usikisie kiasi. Shikiza nusu mbili kwa mkanda wa karatasi, weka mabawa na mkia, kisha ilaze ndege juu ya penseli pale miguu ya nyuma itakapokaa. Ikiinamia pua, ongeza chubwi moja nyingine, maana bado hujabandika bomba la moto la injini kule nyuma wala hujapaka rangi. Nawa mikono ukimaliza. Risasi ni sumu.

“Gundi ni gundi”

Gundi ya modeli huyeyusha plastiki na kuziunganisha pande mbili ziwe kitu kimoja. Supaglu haifanyi hivyo, na mvuke wake ukinaswa chini ya kioo huacha ukungu mweupe usiofutika kwa ndani. Kioo kibandike kwa gundi nyeupe ya seremala. Ikikauka haionekani, na iliyomwagika inafutika kwa kitambaa chenye maji.

“Nyeusi ni rangi ya kujificha”

Hapa ndipo ninapobishana zaidi na watu. Hawk nyeusi tii za jeshi la anga la Uingereza zilipakwa hivyo kuanzia miaka ya 1990 ili zionekane. Ndege za mafunzo huruka chini chini, kwenye anga yenye ndege nyingine nyingi, na majaribio yalionyesha kwamba nyeusi inayong’aa hutokeza dhidi ya anga kuliko ile nyekundu, nyeupe na kijivu ya zamani. Kwa hiyo anayeipulizia Hawk nyeusi vanishi isiyong’aa, akidhani ndivyo jeshi linavyopaka, ameipa ndege kazi ambayo haikuwa yake. Ing’arishe.

Kwa nyekundu na njano sheria ni moja: tanguliza nyeupe. Nyekundu iliyopakwa moja kwa moja juu ya plastiki ya kijivu hugeuka kahawia, hata urudie mara tano. Na mistari ya maungio ya mabati kwenye ndege nyeupe itilie kijivu. Wino mweusi unaifanya ionekane kama imeshonwa.

Tukiwa kwenye vanishi, sisi wa Pwani tuna adui wetu: unyevu. Ukipuliza vanishi ya kopo siku ya masika, juu hutoka weupe kama poda. Ngoja siku kavu.

“Hawk ni Hawk, badilisha rangi tu”

T1, Hawk ya kwanza ya Waingereza, ina viango viwili vya silaha chini ya mabawa. Hawk za kuuza nje za mfululizo wa 50 zina vinne. Hawk 103 za Oman zina pua ndefu zaidi. Goshawk ya jeshi la majini la Marekani, ingawa ilizaliwa na Hawk, ina ndoano ya kutulia melini na mguu wa pua mnene wa magurudumu mawili. Na Red Arrows, kikosi cha maonyesho cha jeshi la anga la Uingereza kinachotumia Hawk tangu msimu wa 1980, hubeba tumboni, pale ambapo Hawk nyingine huwa na mzinga, tangi la dizeli na rangi za kutengenezea moshi, lenye vibomba vinavyotokea juu ya bomba la moto. Wengi hubandika stika zote za Red Arrows na kuuacha mzinga ukining’inia.

“Hizi hazijawahi kupigana”

Septemba 1961 Fouga Magister moja, jeti ya mafunzo kutoka Ufaransa, iliyokuwa ya Katanga, jimbo la Congo lililojitenga, iliwatesa askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwa Congo. Tarehe 19 Julai 1972, huko Mirbat, Oman, Strikemaster zilipita chini ya mawingu mazito kuwasaidia askari waliozingirwa na waasi. Strikemaster ni mtoto wa Jet Provost, ndege ya wanafunzi ambao huketi bega kwa bega na mkufunzi. Kenya nayo ilikuwa na Strikemaster 6, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaja Hawk 12 za aina ya Mk 52.

“Za kwetu haziwezekani, hakuna stika”

Zinawezekana kwa kuchapisha mwenyewe. Ugumu ni kwamba printa ya nyumbani haina wino mweupe, na alama za Kenya zina nyeupe kati ya nyeusi, nyekundu na kijani. Nunua karatasi ya stika za maji yenye mgongo mweupe, chapisha, pulizia vanishi tabaka tatu nyembamba wino usije ukayeyuka majini, kisha kata kwa wembe mpya pembeni kabisa mwa duara. Ukingo mweupe unaobaki uguse kwa rangi ya mwili wa ndege kwa ncha ya brashi. Mk 52 yangu nimeshaiongezea viango viwili kwa vipande vya plastiki nilivyosugua kwa msasa, na tangu juzi iko mezani imesimama kwa magurudumu yote matatu, ikisubiri mvua ikatike niipulizie vanishi.