Minyoo ya kichwani haitoki kwenye sahani ya kitimoto

Huku Mbeya watu wakisikia mgonjwa wa kifafa kakutwa na minyoo ya nguruwe kwenye ubongo, jibu ni moja, alikula kitimoto haijaiva. Sio hivyo bana. Nyama yenye zile punje nyeupe, yaani vifuko vya minyoo michanga, ukiila haijaiva vizuri unapata tegu la tumboni, ule mnyoo mrefu bapa, na wengi wanaishi nalo bila hata kujua.

Ishu ni mayai. Mwenye tegu anatoa mayai kwenye choo kikubwa, sasa asiponawa mikono akaenda kukukatia kachumbari, ukayameza, yanaanguliwa tumboni, vijidudu vinatoboa utumbo vinaingia kwenye damu mpaka kwenye ubongo vinajifanyia vifuko, na kifafa kinaweza kuanza miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo hata Msabato ambaye hajawahi kuonja nguruwe anaweza kupata, na mwenye tegu anaweza kujiambukiza mwenyewe.

Nguruwe naye anayapata mayai hayo kwa kula kinyesi cha watu anapozurura. Wanunuzi wanamfungua mdomo wanapapasa chini ya ulimi, wakikuta vinundu wanamkataa, ila ulimi kuwa safi sio uhakika.

Kipimo cha choo kinatafuta tegu la tumboni, ya kichwani inaonekana kwa CT scan au MRI, yaani picha za ndani ya kichwa. Na usikimbilie albendazole, dawa ya minyoo, dukani, vifuko vikianza kufa ubongo unaweza kuvimba, ndo maana daktari anaiambatanisha na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na dawa za kifafa zinaendelea.