Klachi ya mashindano hupoa kwanza mguuni mwa dereva

Dereva wa mashindano akiniletea gari ambalo klachi inateleza, mara nyingi swali lake la kwanza ni hili: nitoboe wapi kwenye hauzingi, yaani ganda linaloifunika klachi, ili hewa iingie? Nitalijibu huko mbele. Kwanza nataka tukubaliane joto lenyewe linatoka wapi.

Klachi haichemki kwa sababu inazunguka kasi. Ikiwa imeshika sawasawa, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), klachi pleti (sahani inayopeleka nguvu kwenye gia boksi) na presha pleti (inayoikandamiza sahani hiyo kwenye flaiwili) huzunguka kama kipande kimoja, hakuna kinachosugua kingine, na joto halizaliwi hata ukikanyaga mafuta mpaka chini. Joto huzaliwa pale inapoteleza tu. Hewa huja baadaye kuliondoa joto ambalo limeshaingia kwenye chuma, na huliondoa polepole, wakati mtelezo mmoja wa sekunde mbili umeshaliingiza lote.

Tupige hesabu. Gari lina kilo 1,200. Unaondoka ukiwa umeishikilia injini kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, na kwa gia ya kwanza mizunguko hiyo ni sawa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Klachi ikishamaliza kushika, gari limebeba nishati ya mwendo ya kilojuli 116 hivi. Klachi nayo imemeza karibu kiasi hichohicho kama joto, maana katika kuondoka kwa namna hiyo nusu ya kazi ya injini hulisukuma gari na nusu hubaki kwenye msuguano. Wengi hawaamini nikiwaambia kwamba mgawanyo huo haubadiliki sana uachie pedali haraka au taratibu, mradi injini imebaki kwenye mizunguko ileile na gari halipandi mlima. Kinachobadilisha mambo ni mizunguko yenyewe. Ondoka na 4,000 badala ya 6,000, klachi itashika gari likiwa kwenye kilomita 33 kwa saa, na joto litashuka hadi kilojuli 51, chini ya nusu. Kwa hiyo dereva anayetafuta mizunguko ya chini kabisa inayomwondoa vizuri mstarini anaipooza klachi kuliko bomba lolote la hewa nitakalomfungia. Matairi yakizunguka bure kidogo, sehemu ya msuguano huhamia barabarani na klachi hupumua.

Gia pia. Kuondoka na gia ya pili ili kuokoa muda wa kubadilisha ni kuiua klachi: kama uwiano wa gia ya kwanza ni 3.5 na wa pili ni 2.0, joto huwa mara tatu.

Kilojuli hizo 116 huenda wapi? Kwenye chuma kilicho karibu. Flaiwili na presha pleti zikiwa na kilo 12 kwa pamoja, mwondoko mmoja huzipandisha wastani wa nyuzi joto 21. Zikiwa za kilo 6, ni nyuzi 42. Ndiyo gharama ya flaiwili nyepesi ambayo watu hawaizungumzii: injini hupanda haraka, lakini ghala la kuhifadhi joto limepungua nusu. Na huo ni wastani tu. Uso unaosuguana huwa na joto kali zaidi kwa sababu joto halijapata muda wa kusambaa. Fanya mazoezi ya kuondoka mara kumi mfululizo bila kupumzika, na utakuwa umepita kiwango ambacho gundi inayoshikilia uso wa msuguano wa klachi pleti ya kawaida huanza kuungua. Ile harufu kali ndiyo gundi hiyo inaondoka.

Nikifungua klachi iliyopitia hayo, kabla sijashika kipimo chochote naiangalia rangi kwenye mwanga. Chuma hujiandikia historia yake. Manjano hafifu kama ya majani makavu ni nyuzi 220 hivi, zambarau ni kama 280, bluu ni karibu 300. Bluu iliyotandaa sawa inaniambia dereva aliteleza sana. Bluu ya madoadoa inanitia wasiwasi zaidi: uso umepinda, unagusa sehemu chache tu, na hapo ndipo nyufa ndogo huanza. Kisha nachungulia springi ya dayafragmu, ile bapa yenye vidole inayoipa presha pleti nguvu ya kukandamiza. Ikipikwa hulegea, ikilegea haikandamizi, na klachi isiyokandamizwa huteleza zaidi na kuzidi kupikika. Springi iliyofikia hapo haiponi kwa kupumzishwa.

Kuna gari moja lililonifundisha kutokimbilia bomba. Asubuhi likiwa la baridi lilishika vizuri. Mzunguko wa nne wa uwanja, kwenye gia ya nne, injini ilipanda na mwendo haukuongezeka. Nikafunga bomba la hewa, halikusaidia. Safari ya pili likarudi bado la moto, nikalala chini yake, nikalegeza kijiskrubu cha kutolea hewa kwenye mfumo wa mafuta yanayopeleka nguvu ya pedali hadi kwenye klachi. Mafuta yakaruka kwa presha, ilhali hakuna aliyekanyaga pedali. Hapo nikaelewa. Rodi ya pedali inayosukuma masta silinda, ile inayoyapa mafuta hayo presha, ilikuwa imerefushwa kupita kiasi, pistoni haikurudi mwisho, na tundu la kurudishia mafuta kwenye chupa likabaki limezibwa. Mafuta yalipopata joto yalitanuka, yakakosa pa kwenda, yakaisukuma beringi ya kuachishia klachi dhidi ya vidole vya springi. Klachi ilikuwa inakanyagwa na joto lake yenyewe. Niliifupisha rodi kwa mzunguko mmoja, pedali ikapata kucheza bure kidogo juu, na mtelezo ukaisha. Tangu siku hiyo naupima mchezo huo wa pedali gari likiwa la baridi, kisha naupima tena likiwa la moto.

Mafuta hayo nayo yabadilishwe mapema. DOT 4, aina ya mafuta ya breki yanayotumika pia kwenye klachi, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu kiwango chake cha chini ni 155, na kama silinda ya klachi iko ndani ya hauzingi, inakaa jirani kabisa na moto.

Sasa hewa. Klachi ni feni tayari: ikizunguka hurusha hewa kuelekea nje. Kwa hiyo leta hewa baridi karibu na katikati, na uweke njia ya kutokea pembezoni. Tundu la kuingilia bila la kutokea halifai kitu, maana hewa ya moto itazunguka mlemle ndani pamoja na vumbi la klachi pleti. Weka wavu wa kuzuia mawe, na elekeza mdomo wa bomba mahali ambapo halitachota maji. Usikate hauzingi ovyo: flaiwili ikipasuka, ukuta huo ndio ulio kati ya vipande vyake na miguu yako. Soma pia kanuni za mashindano yako kabla ya kutoboa.

Barabarani, mguu usipumzike kwenye pedali. Ukishusha gia, ipandishe injini kwanza ilingane na gia unayoiingia, ili klachi isilazimike kuivuta juu kwa msuguano.

Na ukisikia harufu, usisimame ukiwa umekanyaga klachi. Kama bado uko uwanjani, endesha kwa upole kwenye gia ambayo haikulazimishi kuigusa pedali, mafuta nusu. Ukirudi kwenye kambi, weka nyutro, achia pedali, na iache injini izunguke taratibu kwa dakika chache, maana flaiwili ikisimama hewa nayo inasimama.