Hisa rahisi: rahisi kuliko nini?

Juzi nimelisikia tena. "Chukua hii, ni hisa rahisi, senti 8 tu. Hata ikianguka, utapoteza nini?" Aliyesema ni mtu mwenye akili zake, anayeweza kubishana na fundi juu ya bei mpaka wote wawili wachoke. Lakini neno "rahisi" lilipokaa kando ya neno "hisa", ubishi ulimwishia.

Maana kwanza, kwa haraka. Hisa za bei ndogo, au hisa za senti kama wengine wanavyoziita, ni zile ambazo moja yake huuzwa kwa bei ya chini sana. Marekani, ambako jina hilo lilienea, mpaka wa kisheria ni dola 5, na hata hapo hisa iliyoorodheshwa kwenye soko kubwa kwa kawaida haihesabiwi humo. Hisa za kubahatisha ni jambo jingine. Hizo ni za kampuni ambayo thamani yake inategemea kitu ambacho bado hakijatokea: mgodi usiochimbwa, dawa iliyo kwenye majaribio, mtambo usio na mteja. Makundi haya mawili hukutana mara nyingi, na hapo ndipo watu huyachanganya. Ufafanuzi umekwisha. Kinachonikera mimi ni "rahisi".

Neno hili tulilipata kwa Waarabu, na kwao "rakhisi" ni kitu kisicho ghali. Sisi tukaliongezea kazi ya pili: kitu kisicho kigumu. Tunasema mtihani rahisi, njia rahisi, swali rahisi. Mwarabu hasemi hivyo; kwa mtihani ana neno lake jingine. Kwa hiyo Mswahili anaposema "hisa rahisi", maana mbili hupita mlango mmoja bila kuulizwa: haina gharama kubwa, tena haina ugumu. Hisa ya kampuni ndogo ya kubahatisha mara nyingi haina sifa hata moja kati ya hizo.

Na "hisa" nayo tuitazame. Asili yake ni fungu, yaani sehemu ya mtu katika kitu kinachogawanywa, kama fungu la mrithi. (Wapo wanaodhani hisa na hesabu ni ndugu. Si ndugu, kwa Kiarabu moja huandikwa kwa sadi na nyingine kwa sini. Ningefurahi kama wangekuwa ndugu, maana wanunuzi wengi wangekumbuka kuzikutanisha.) Fungu peke yake halina ukubwa. Huwezi kusema ni dogo au kubwa kabla ya kujua limekatwa kwenye kitu gani, na mafungu yako mangapi.

Chukua kampuni mbili. Ya kwanza ina hisa bilioni 1, kila moja senti 8 za dola. Ya pili ina hisa milioni 1, kila moja dola 20. Ukizidisha, ya kwanza soko linaithamini dola milioni 80, ya pili dola milioni 20. Kama zote mbili zina mali ileile na faida ileile, iliyo ghali ni ile ya senti 8, tena mara nne. Jamaa yangu alikuwa na bei mkononi bila idadi, kama mtu anayejua bei ya tofali moja akadhani anajua bei ya nyumba.

Ushahidi upo hadharani. Machi 2009, katika msukosuko wa mabenki, hisa ya Citigroup, benki kubwa ya Marekani, iliuzwa kwa muda chini ya dola 1, na hakuna aliyeiita kampuni changa. Mei 2011 benki hiyo iliunganisha kila hisa 10 kuwa 1, na bei ikaruka kutoka dola 4 na ushei hadi 40 na ushei. Mali haikuongezeka hata kwa kiti kimoja. Upande wa pili, hisa za daraja A za Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, hazijawahi kugawanywa kuwa hisa nyingi ndogo, ndiyo maana moja tu imefika mamia ya maelfu ya dola. Idadi hupangwa na kampuni yenyewe, na bei ya hisa moja hufuata idadi.

Tena kampuni ndogo isiyo na mapato huigusa idadi hiyo kila mara. Fedha zikiisha, hutoa hisa mpya na kuziuza. Aliyekuwa na hisa 1,000 bado ana 1,000, lakini jumla ikiwa imepanda maradufu, fungu lake limebaki nusu. Haoni kitu kwenye akaunti yake. Hakuna aliyemwibia, kisheria. Pengine hata tangazo lilitolewa, ila hakulisoma.

Sasa ile kauli ya "hata ikianguka". Hisa iliyotoka dola 100 ikafika 20 imepoteza asilimia 80, na hapo wengi husema haina pa kushukia. Ikifika 10 imepoteza asilimia 90. Tofauti inaonekana ndogo, lakini aliyenunua kwa 20 amepoteza nusu ya fedha zake. Kuteremka kutoka senti 8 hadi 4 kunauma sawasawa na kutoka dola 800 hadi 400, kwa kuwa mtu hanunui hisa moja; hununua za fedha alizonazo. Na ili arudi alipoanzia, bei haina budi kupanda kwa asilimia 100.

Tumalizie na maana ya pili, ule urahisi wa kutokuwa na ugumu. Kununua ni wepesi, hilo sikatai. Kuuza ndiko kwenye kazi. Hisa za kampuni ndogo zina wanunuzi wachache. Wanunuzi wanatoa senti 7, wauzaji wanataka 9. Ukinunua kwa 9 na kutaka kutoka saa hiyohiyo, umeshapoteza zaidi ya asilimia 20 kabla kampuni haijafanya kosa lolote, na dalali bado hajadai chake. Ukiwa na hisa nyingi, wewe mwenyewe ukianza kuuza ndiye unayeishusha bei. Uchache huohuo huwafaa wajanja: wananunua kimyakimya, wanaeneza uvumi, bei inapaa kwa fedha kidogo, wanawauzia waliochelewa. Bei ile waliyoionyesha ilikuwa ya kweli, ila ilitosha watu wachache wa kwanza.

Na usidhani ikishakua imetoka hatarini. Bre-X, kampuni ya Kanada ya kutafuta madini, ilianzia kwenye hisa za senti, ikatangaza dhahabu huko Busang, Indonesia, mpaka soko likaithamini zaidi ya dola bilioni 6 za Kanada. Mwaka 1997 wakaguzi huru walikuta sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Hata mifuko ya pensheni ilikuwa imenunua.

Simaanishi kwamba hisa za bei ndogo hazinunuliwi na watu wenye busara. Wapo wanaozinunua, kwa fedha ambazo zikipotea zote hawatakosa usingizi, na baada ya kusoma hesabu zilizokaguliwa kama zipo. Ninachoomba ni kidogo. Tuseme "hisa ya bei ndogo" tunapozungumzia bei, na "rahisi" tuitunze kwa siku ambayo tumelinganisha thamani ya kampuni nzima na mali yake, madeni yake na faida yake. Jamaa yangu nilimuuliza tu hisa ziko ngapi kwa jumla. Alikaa kimya kidogo, akasema ataangalia.