Sponji ya Godoro Si Sponji ya Tairi

Mwezi huu nimefungua tairi za magari manne ya rimoti, na ndani ya yote manne nimekuta kitu kilekile: vipande vya godoro. La mwisho lililetwa na kijana wa Lanet, gari la ukubwa wa 1:10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, linatetemeka mpaka bodi inagonga, na beringi za mbele zimekufa kwa mara ya pili. "Lakini fundi, tairi nilizijaza zikawa ngumu kabisa," akaniambia, akitarajia nimpongeze. Huo ugumu ndio uliomla beringi.

Nitakaa hapo kwanza, maana hakuna dhana inayonichosha kama hii: kwamba sponji yote ni moja, na kwamba ukizidi kushindilia ndivyo tairi inavyozidi kuwa nzuri.

Tairi ya gari la rimoti haisimami kwa upepo. Inasimama kwa sponji. Sponji inaipa umbo, inaizuia isilale gari linapokata kona, na inaiacha ibonyee ikikanyaga jiwe kisha irudi ilivyokuwa. Kubonyea huko ndiko kunakoleta mshiko. Ukiishindilia godoro, uso wa tairi unavimba katikati kama mgongo wa kobe, ukabaki ukanda mwembamba tu unaogusa ardhi. Meno ya katikati yanalika, ya pembeni yanabaki kama yalivyotoka dukani. Halafu mwenye gari anakuja kuniambia tairi alizouziwa ni hafifu.

Hilo la mshiko bado ni dogo. Sponji ya godoro ina vitundu vilivyo wazi, inanyonya maji kama ile ya kuoshea vyombo. Na sisi tunaishi Nakuru. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano, vumbi lake ni laini kama unga, na linapita kwenye tundu lolote la rimu. Gari likishapita kwenye dimbwi, vumbi lililomo ndani linageuka tope. Unaliegesha usiku likiwa limesimama kwa magurudumu yake, tope linatuama upande wa chini, asubuhi limekauka palepale. Kutoka hapo gurudumu lina upande mzito.

Watu hudhani uzito huo ni mdogo mno kuleta madhara, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua tairi yenye kipenyo cha milimita 85. Gari likikimbia kilomita 50 kwa saa, gurudumu linazunguka karibu mara 52 kila sekunde. Weka gramu 5 za tope upande mmoja, milimita 35 kutoka katikati. Kwa mwendo huo zinavuta nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 2, na mvuto huo unazunguka pamoja na gurudumu, mara 52 kila sekunde, juu ya beringi unayoweza kuificha chini ya ukucha. Katika gurudumu la kushoto la yule kijana nilitoa bonge la tope kavu la ukubwa wa kidole gumba. Sikuhitaji kutafuta sababu nyingine.

Nunua sponji iliyotengenezwa kwa ajili ya tairi ya kipimo chako. Ile ya vitundu wazi inayokuja na tairi kutoka kiwandani inamfaa anayeendesha taratibu mahali pakavu, kwani angalau imekatwa kwa mashine na unene wake ni sawa kote. Mwenye kurusha gari kwenye matuta, au mwenye kuendesha msimu wa mvua, atafute ya vitundu vilivyofungwa. Bei yake iko juu, lakini hainywi maji na haimeguki kuwa makombo. Ikae ndani ya tairi bila mkunjo, iguse kuta zote mbili bila kuzisukuma. Ikiwa pana kidogo, punguza kona zake kwa makasi makali, mzunguko mzima kwa kipimo kimoja. Kisha bonyeza tairi kwa kidole gumba: ikubali, na irudi. Mimi sitii gundi kabla ya kuifunga tairi kavu kwenye ekseli, nikaizungusha kwa mkono na kuitazama kwa ubavu. Ikiyumba, naifungua nianze upya. Dakika 2 hizo zimeniokolea beringi nyingi kuliko mafuta yoyote.

Dhana hizi nyingine potofu hazihitaji maneno mengi.

"Ziba matundu ya rimu, upepo usitoke." Wengine huongeza kwamba wameyaona magari ya Safari Rally kule Naivasha yakijazwa upepo. Ni kweli yanajazwa, na yana valvu. Tairi yako haina, na tundu lile limewekwa makusudi. Gari likitua, hewa itoke. Tairi ikijinyoosha, hewa irudi. Ukiziba, gari linadunda kama mpira na hewa iliyobanwa inatafuta njia penye gundi. Ziba tu kama unaendesha kwenye maji, na hapo ni lazima utoboe matundu mawili madogo katikati ya uso wa tairi, yakiangaliana, ili mzunguko uyatupe maji nje.

"Sponji ngumu inazuia tairi kuvimba kwa spidi." Haizuii. Mzunguko unavuta mpira utoke nje, na sponji iliyo ndani haina mahali pa kuushikia. Ukitaka tairi isivimbe, nunua iliyosukiwa mkanda ndani ya mpira.

"Gundi nyingi ndiyo usalama." Usalama ni usafi. Tairi mpya hutoka na mafuta ya kwenye kalibu, kwa hiyo futa ukingo wake na mfereji wa rimu kwa spiriti ile ya vidonda, uache vikauke. Tone dogo la supaglu nyepesi linatambaa lenyewe. Likimwagika hadi kwenye sponji, pale linapoganda panakuwa pagumu kama mfupa.

"Tairi iliyogundishwa haitoki, nunua gurudumu jipya." Hapana jamani! Chemsha. Supaglu ya kawaida huanza kulegea joto likipita nyuzi 80. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Kisumu ni karibu 96. Kote kunatosha, ila hapa kwetu uwe na subira zaidi. Tumia sufuria iliyostaafu kupika, fungua madirisha kwa sababu mvuke wake unawasha macho, vaa glavu nene, uvute ukingo kwa vidole kidogokidogo. Kisu kiache mezani. Na asetoni muiache pia mpaka mjue rimu zenu ni za plastiki gani, kwa maana kuna plastiki inazoziyeyusha.

Gari la Lanet liko kwenye rafu, limewekwa juu ya kipande cha mbao ili magurudumu yasiguse chochote. Rimu zote 4 zimepona, sponji mpya zimeingia nyuma. Tairi mbili za mbele zimelika katikati mpaka meno yameisha, hizo itabidi anunue.