Simu, Bundi na Hesabu ya Sadfa

Ninafundisha takwimu, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote nje ya darasa linahusu simu. Mtu anamkumbuka rafiki ambaye hawajasemezana kwa wiki kadhaa, na kabla hajamaliza kumwaza simu inaita, na aliyepiga ni yule yule. "Utaishi miaka mingi, nilikuwa nakuwaza sasa hivi!" husemwa, na mazungumzo yanaendelea kwa furaha. Baadaye muulizaji hunijia akitaka kujua kama hapo pana jambo. Mimi humwomba atenganishe maswali mawili: kama tukio hilo lina maana kwake, na kama lina sababu iliyojificha. La kwanza ni lake mwenyewe kulijibu, na simdharau kwa jibu lolote atakalotoa. La pili linahitaji hesabu.

Tukadirie. Chukua kwamba unao watu 50 ambao kila mmoja hupita akilini mwako mara moja kwa siku, hata kwa nukta chache, na kila mmoja hukupigia simu mara moja kwa mwezi. Uwezekano wa mmoja wao kupiga leo ni 1 kwa 30. Ikiwa amepiga, uwezekano wa simu yake kuingia ndani ya dakika 5 baada ya wewe kumwaza, katika saa 16 unazokuwa macho, yaani dakika 960, ni 1 kwa 192. Ukizidisha unapata 1 kwa 5,760 kwa kila mtu kwa siku, na kwa watu wote 50 ni karibu 1 kwa 115, ambayo kwa mwaka hufikia mara 3 hivi. Wakiwapo watu milioni 1 wa namna yako, zaidi ya 8,000 kati yao watapatwa na jambo hilo leo hii. Tena hapo nimechukulia kwamba kuwaza na kupigiwa havihusiani kabisa, ilhali msiba, Idi, mwisho wa mwezi au habari kubwa redioni huwafanya watu wawili wawazane saa ile ile, kwa hiyo idadi halisi yaweza kuwa kubwa kuliko hiyo.

Hisia zetu hukosea hapa kwa sababu tunahesabu watu badala ya kuhesabu jozi, yaani kila wawili wanaoweza kulinganishwa. Katika chumba chenye watu 23, uwezekano wa kuwapo wawili waliozaliwa tarehe moja unapita nusu, maana jozi ziko 253; katika darasa la watu 40 jozi ni 780 na uwezekano unakaribia asilimia 89. Wanafunzi wangu hukataa katakata mpaka waanze kutaja tarehe zao mmoja baada ya mwingine.

Wanatakwimu Persi Diaconis na Frederick Mosteller waliliandika jambo hili vizuri mwaka 1989: mahali penye matukio mengi ya kutosha, hata lililo adimu kupita kiasi litatokea. Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, alikwenda njia nyingine, akiona kwamba sadfa za namna hiyo zina maana. Katika maandishi yake ya mwaka 1952 alisimulia jinsi mgonjwa alivyokuwa akimweleza ndoto ya kupewa kito chenye umbo la mbawakawa wa dhahabu, na papo hapo mdudu wa jamii hiyo akagonga dirisha, naye Jung akamdaka na kumkabidhi mgonjwa. Ninaamini kisa hicho kilimgusa sana yule mgonjwa. Lakini Jung alikaa na wagonjwa wengi, wakamsimulia ndoto nyingi, na ndoto ambazo dirisha halikugongwa hazikuwa na sababu ya kukumbukwa.

Kwetu mfano wenye uzito zaidi ni bundi. Inasemwa kwamba bundi akilia karibu na nyumba, mtu atakufa, na wapo watu waadilifu, wasiojua kusema uongo, watakaokuapia kwamba wameliona hilo kwa macho yao. Ninawaamini. Kulipima dai hilo kunahitaji usiku wa aina nne: bundi alilia na mtu akafa, alilia na hakufa mtu, hakulia na mtu akafa, hakulia na watu wakaamka salama. Kinachosimuliwa ni usiku wa aina ya kwanza peke yake. Na kuna jambo jingine ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Nyumba yenye mgonjwa mahututi hailali. Taa inawaka, ndugu wanapokezana kumkanda na kumpa maji, na saa nane za usiku masikio yote yako wazi. Bundi yule yule, anayewinda panya kwenye mapaa ya mtaa mzima, amelia pia juu ya nyumba za majirani, lakini majirani walikuwa usingizini. Kwa hiyo uhusiano kati ya sauti ya bundi na kifo unaweza kuwa wa kweli katika kumbukumbu za watu, nao unaletwa na ugonjwa, ambao ndio unaowakesha watu na ndio unaoua.

Ninalishikilia hili kwa nguvu kwa sababu sadfa ikigeuzwa ushahidi huangamiza watu. Katika mikoa ya Tanzania iliyo kando ya Ziwa Victoria, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na tuhuma ya namna hiyo huweza kujengwa juu ya jambo dogo tu, kwamba bibi fulani alionekana karibu na nyumba siku ambayo mtoto aliugua. Kikao kinapokaa kujadili neno la aina hiyo, aliyepo na ajuaye hesabu aulize ni siku ngapi bibi huyo alipita hapo na mtoto akalala mzima, ni watoto wangapi waliugua ambao hakuwahi kuwakaribia, na ni watu wangapi wengine waliopita njia hiyo siku ile bila kutajwa na mtu.